Rili naisuuza kila nikitoka baharini na bado imeliwa na chumvi. Nakosea wapi?

Chambo_Kavu

Wakuu, habari za humu. Mimi ni msomaji wa siku nyingi, leo ndiyo mara ya kwanza naandika, na naandika nikiwa na hasira kidogo, mnisamehe.

Navua baharini, mara nyingi kwenye miamba, siku moja moja kwenye boti ya rafiki. Kwa mwezi natoka mara tatu au nne. Rili yangu ya kwanza, yaani ile mashine ya kukunjia mshipi kwenye fimbo, niliiua mwenyewe, nakiri. Nilikuwa nairudisha kwenye begi na chumvi yake, nakuja kuikumbuka safari inayofuata. Hii ya pili nikaapa sirudii. Nikifika nyumbani, kabla sijanawa hata miguu, nafungulia bomba, naziba mdomo wa mpira kwa kidole gumba ili maji yatoke kwa nguvu, naipiga rili juu, chini, pembeni, mpaka na mimi naloa. Kisha naifuta kwa kitambaa, naifungia kwenye begi lake. Sijawahi kuruka hata safari moja.

Imekaa miezi minane. Leo nikizungusha hendeli inasaga kama inatafuna mchanga. Lile kapi dogo ambalo mshipi unapitia kabla ya kuingia kwenye spuli (ile bobini yake) limeganda, halizunguki kabisa, na mshipi umeshalichimba mfereji. Ukingoni mwa spuli, chini ya mshipi, kuna unga mweupe. Rangi ya mguu wa rili imetoa malengelenge kama ngozi iliyoungua. Na kuna skrubu moja ya kifuniko cha pembeni haifunguki, nimeshaanza kuiharibu kichwa.

Fimbo nayo, pete ya tatu kutoka chini imeanza kutoa rangi ya kahawia chini ya ule uzi wake.

Kwenye boksi waliandika beringi zote ni za chuma kisichoshika kutu. Sasa nilidanganywa, au mimi ndiye sijui kuosha?

Pweza_Mvivu

Dawa ni moja tu mkuu: hamia mtoni.

FundiKapi

Pweza acha utani, mwenzio yuko msibani.

Chambo, pole sana. Kabla sijasema kitu nijibu mawili. Unapoipiga maji, ile nati ya breki juu ya spuli huwa umeikaza au imelegea? Na hilo begi ni la kitambaa chepesi au ni la sponji?

Chambo_Kavu

Imelegea. Niliambiwa breki ilegezwe baada ya kuvua ili isichoke, kwa hiyo nalegeza nikiwa bado pale pale mwambani. Begi ni la sponji nene, zipu kuzunguka. Kwani vipi?

FundiKapi

Nilijua tu. Hukudanganywa, na uvivu huna. Umeiua kwa bidii.

Huu mwaka wa kumi na tisa natengeneza rili zangu na za wenzangu, mezani kwangu, taa moja na miwani miwili. Rili ya mtu asiyeosha naijua kabla sijaishika, imejaa ukoko mweupe nje. Rili ya mtu kama wewe inakuja inang'aa. Nikifungua kifuniko nakuta grisi imegeuka rangi ya chai ya maziwa na beringi imeshikana na mhimili. Hayo ni maji. Na aliyeyaingiza ni mwenye rili mwenyewe, kwa kidole gumba chake.

Lita moja ya maji ya bahari ina gramu kama 35 za chumvi. Maji yakikauka, chumvi yote inabaki pale, kwenye kila mwanya. Ili itoke inabidi iyeyuke, na kuyeyuka kunataka muda na maji ya kutosha, nguvu haisaidii kitu. Ukija na maji ya kasi unaisukuma. Ilikuwa mlangoni, wewe unaikaribisha sebuleni: kwenye shina la hendeli, chini ya spuli, nyuma ya kapi. Na kwa kuwa breki imelegea, wosha zake zinakuwa zimeachana, maji yanateremka katikati yake mpaka kwenye mhimili. Breki iliyonyweshwa hivyo haiachii mshipi kwa ulaini tena, inashika na kuachia, inashika na kuachia. Samaki mkubwa akivuta, mshipi unakatika na wewe unalaumu fundo.

Halafu ukaifungia kwenye sponji. Hapa naomba usikilize vizuri maana watu wengi hawalijui hili. Chumvi ya bahari haikauki. Ile ya kawaida tunayoijua hunyonya unyevu wa hewa mpaka ikageuka maji, hewa ikifikia unyevu wa asilimia 75 hivi. Lakini ya bahari ina kloridi ya magnesiamu ndani yake, na hiyo inaanza kujilowesha kwenye asilimia 33 tu. Yaani rili yenye chumvi ukiiweka kabatini mwezi mzima, kwa macho unaona kavu, kumbe chini ya kila punje kuna tone linalofanya kazi usiku na mchana. Na sponji yako imeshakunywa chumvi ya miezi minane. Hata uweke humo rili mpya kutoka kwenye boksi, itatoka na chumvi. Lifue au litupe.

Kuhusu beringi: chuma kisichoshika kutu kinashika kutu, kinachelewa tu. Kinajilinda kwa utando mwembamba mno wa oksidi ya kromiamu, ambao ukikwaruzwa unajirudisha wenyewe mradi hewa ipo. Kloridi inautoboa, na mahali palipobanwa pasipo hewa utando haurudi. Ndipo unaona vishimo vidogo kama vilivyochomwa na sindano. Isitoshe, chuma cha beringi hutakiwa kiwe kigumu, kwa hiyo hutiwa kaboni nyingi, na kaboni hiyo inashikana na sehemu ya kromiamu ambayo ingekilinda. Kijiko chako cha jikoni kinaweza kustahimili chumvi kuliko beringi yako.

Unga mweupe ni kutu ya alumini. Nabahatisha kwamba mshipi wako ni wa kusuka?

Chambo_Kavu

Ni wa kusuka, ndiyo. Mzee unanitisha sasa. Basi wewe unaosha vipi?

FundiKapi

Mshipi wa kusuka unabeba maji kama utambi wa taa. Ukivuta mita mia za mshipi ulioloa ukazilaza juu ya spuli, umeifunga alumini bandeji ya maji ya chumvi. Juu panakauka, chini hapakauki.

Mimi naosha siku ile ile, chumvi ikiwa bado haijaganda, na rili ikiwa bado kwenye fimbo. Fimbo naisimamisha wima. Breki naikaza mpaka mwisho. Maji baridi ya kawaida, kwa chupa ya kupulizia au kwa rashasha kama unamwagilia miche ya mchicha, dakika mbili au tatu, yateremke yenyewe. Hendeli siizungushi wakati inaloa, maana kuizungusha ni kuyavuta maji ndani. Nikimaliza naitikisa, naifuta, naitoa kwenye fimbo, naitoa spuli, na hapo ndipo nalegeza breki. Ulivyoambiwa kuhusu kulegeza ni kweli kabisa, wosha zikibanwa miezi zinalala. Ulikosea saa tu.

Rili inalala nje ya begi, kivulini, penye upepo, usiku mzima. Jua kali silipendi, linakausha grisi ya juu na kuharibu raba.

Spuli ina ibada yake. Nazitoa wosha za breki kwanza, naziweka juu ya karatasi kwa mpangilio zilivyotoka (usiamini kichwa chako, zipangilie), kisha spuli na mshipi wake naitumbukiza kwenye bakuli la maji safi nusu saa. Namwaga, naweka mengine. Maji ya pili nachovya kidole naonja. Yakiwa bado na chumvi naweka ya tatu. Mke wangu ananicheka lakini ulimi ni kipimo ambacho sijanunua. Hii ya spuli siifanyi kila safari, nafanya kila safari ya tatu au ya nne.

Kikikauka kila kitu, mafuta mepesi kama ya cherehani: tone moja kwenye kapi, tone kwenye shina la hendeli, tone kwenye maungio mawili ya ule waya unaofungua mshipi. Nimesema tone. Mafuta yakizidi yanakamata mchanga. Ukiniambia una dakika moja tu na unaweza kufanya kitu kimoja, nitakwambia mpe kapi tone lake. Hilo ndilo linalokufa kwanza kwenye rili zote nilizofungua, kwa sababu mshipi ulioloa unapita juu yake kila mita, na watu hawalioni.

Nahodha_wa_Ndoo

FundiKapi nakuheshimu lakini unawatisha watu. Mimi natumbukiza rili nzima kwenye ndoo nikitoka tu kwenye boti, naiacha ilowe, naitoa, napuliza WD-40 kila kona, basi. Mwaka wa tatu rili inazunguka kama siagi. Haya mambo ya kuonja maji ni ushamba.

FundiKapi

Ushamba nimeukubali.

Rili yako ni ya zile zilizozibwa kwa raba kila mlango? Kama ndiyo, basi unakula faida ya mtengenezaji, kwa sasa. Lakini fikiria: rili imekaa juani kwenye boti saa sita, hewa iliyomo ndani imepata moto na kutanuka. Unaitumbukiza ghafla kwenye maji baridi. Ile hewa inasinyaa, ndani kunakuwa na mvuto, na raba ikiwa imechoka hata kidogo maji yananyonywa kuingia. Rili isiyozibwa haihitaji hata hilo, maji yanaingia kwa kutembea. Iache ipoe kivulini kwanza, hata kama hutaki kuacha ndoo yako.

WD-40 siichukii. Ilitengenezwa mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji, jina lenyewe lina maana hiyo, na 40 ni jaribio lililofanikiwa. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kulinda ngozi ya roketi za Atlas zisishike kutu. Kwa nje ya rili, vichwa vya skrubu, mguu, waya, ni nzuri, futa kwa kitambaa chenye dawa hiyo. Ndani ndipo ugomvi wetu ulipo, maana inalainisha grisi na kuiondoa kwenye meno ya gia, na yenyewe haibaki. Mimi mwenyewe niliipuliza ndani miaka miwili nikijiona mjanja. Nilipofungua, gia kubwa ilikuwa uchi na grisi yote imekusanyika chini kama mchuzi.

Nahodha_wa_Ndoo

Ni ya kuzibwa. Hilo la moto na baridi sikulijua. Nitaiacha ipoe. Ndoo siiachi.

BintiMshipi

Shikamoo FundiKapi. Chambo naona rili imepata madaktari, fimbo yako imesahauliwa.

Ile rangi ya kahawia chini ya uzi usiidharau. Mguu wa pete unakaa juu ya fimbo, umefungwa kwa uzi, juu ya uzi pakapakwa ile gundi ngumu inayong'aa. Fimbo ikipinda mara elfu, gundi inapata ufa mdogo pale mguu unapoingilia. Chukua kioo cha kukuzia uangalie, utauona kama unywele. Maji ya chumvi yanaingia hapo na hayana njia ya kutoka. Kutu ikishaanza inavimba na kuupanua ufa wenyewe. Hapo kuosha hakuponyi, pete ile inataka kukatwa uzi, kutolewa, kusafishwa au kubadilishwa, na kufungwa upya. Ila zilizobaki unaweza kuziokoa. Mimi napitisha mswaki laini na maji yenye sabuni kidogo kila mguu wa pete, pande zote mbili, kisha nasuuza na kufuta pete moja moja. Ni dakika tano. Pete za titani hazina shida hii, chumvi ya bahari haiziwezi, ila fimbo zenye pete hizo si za kila mtu.

Ukiwa hapo hapo pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete. Ikiacha nyuzi, ile duara ya kauri ndani ina ufa, na ndiyo itakayokukatia mshipi.

Kingine: rili usiiache imefungwa kwenye fimbo. Mimi niliiacha wiki sita nikiwa na shughuli nyingine. Nilipoirudia, ile nati inayobana mguu wa rili ilikuwa imekuwa kitu kimoja na fimbo. Nilikaa nayo jioni nzima, maji ya uvuguvugu, kijiti cha meno kwenye kila jino la skrubu, kulia na kuomba. Ilitoka, ila na rangi yake. Kama fimbo ni ya kaboni na sehemu hiyo ni ya alumini ndiyo mbaya zaidi, maana kaboni ikikutana na alumini kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa.

Na maungio ya vipande viwili, futa, kisha sugua mshumaa kidogo. Mafuta hapana, yanashika mchanga.

FundiKapi

Marahaba binti. Hilo la pamba nilikuwa nimelisahau kabisa.

Na umenikumbusha skrubu ya Chambo, ni ugonjwa ule ule. Skrubu ni ya chuma kisichoshika kutu, mwili wa rili ni alumini. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi zinakuwa betri, na kwenye betri hiyo alumini ndiyo inayotoa roho. Unga wake unachukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa, kwa hiyo unaibana skrubu kama zege. Usiilazimishe. Weka tone la mafuta ya kulegeza nati, acha ilale. Kesho weka tena. Kisha gusisha ncha ya solda ya moto kwenye kichwa cha skrubu tu, sekunde kumi hivi, iache ipoe, tone jingine. Tumia bisibisi ya nyota inayokaa sawasawa bila kucheza, igandamize chini kuliko unavyoizungusha. Mara ya kwanza jaribu kukaza kidogo kabla ya kufungua, inavunja ule unga. Kichwa kikiisha, hapo tutazungumza habari za kutoboa, na sitaki tufike huko.

Chambo_Kavu

Narudi baada ya siku tatu.

Skrubu ilitoka usiku wa pili. Ilitoa mlio mdogo kama ukucha unavunjika, nikadhani imekatika, kumbe imeachia. Meno yake yalikuwa mazima kabisa, yanang'aa, ila yamejaa unga mweupe kama alivyosema mzee.

Ndani ni chai ya maziwa, mzee ulijuaje? Grisi imepauka, ina vitone vya maji ndani. Gia kubwa ni nzima. Gia ndogo ya shaba ina ukijani pembeni tu. Beringi mbili upande wa hendeli zimekufa, moja haizunguki, nyingine inazunguka kwa kelele. Kapi nililifungua, kiberingi chake kilitoka kikiwa vipande viwili na vumbi jekundu. Nimeosha kila kitu kwa spiriti na mswaki, nimekausha, nimeagiza beringi tatu. Grisi niliyonayo ni ya kopo, ile nzito ya bahari inayotumika kwenye magurudumu ya trela za boti. Naipaka kila mahali?

FundiKapi

Hiyo inafaa sana kwenye gia na chini ya kifuniko, haikimbii maji. Paka utando, usijaze kama unapaka mkate siagi. Beringi za kawaida mafuta mepesi yanatosha, ingawa zile mbili za hendeli mimi huzipa grisi kidogo kwa nje kama ukuta. Ila kuna beringi moja ndefu chini ya rota (ile sehemu inayozunguka spuli ikibeba kapi), ile inayozuia hendeli isirudi nyuma. Hiyo USIIPAKE GRISI. Ndani yake kuna virola vidogo vinavyotakiwa kujibana, grisi nzito inaviacha viteleze, na siku utakayopiga ndoana hendeli itarudi nyuma ikupige vidole. Ifute, tone moja la mafuta mepesi kabisa, basi. Wosha za breki ukikuta ni za kaboni au za felti zina grisi yake maalumu, usiweke hii ya trela.

Na kabla ya kurudisha skrubu, kila moja ipake grisi kidogo kwenye meno. Grisi inatenganisha metali hizo mbili, maji hayapati pa kukaa. Hiyo ndiyo itakayokuokoa mwaka ujao.

Chambo_Kavu

Mzee, kifuniko nimeshakifunga tangu asubuhi kujaribu tu. Skrubu zote sita, kavu.

Ngoja nitafute bisibisi.